Honi Iliyojibu

Mimi nikikata kona, abiria hutapika. Nimetapisha watu nchi nne. Dereva hasa ni rafiki yangu Kobe: hupunguza mwendo mapema, huzungusha usukani taratibu, nawe ukasinzia. Lakini kuna safari moja ambayo hata leo akiisimulia hufura kwa hasira.

Alikuwa akimrudisha mama yake kutoka hospitali, mama akiwa na mshono mbichi tumboni. Daktari alikuwa ameonya kwamba akitikisika vibaya mshono utafumuka.

Barabara ya mlimani ni nyembamba, na ukungu ulileta giza mapema. Kwenye kona ya kwanza Kobe akapiga honi. Kutoka ng'ambo ya kona ikajibu honi nzito, kama ya lori. Akakanyaga breki, akapisha. Halikutokea gari lolote. Kona ya pili, vilevile. Kila breki, mama aliguna.

"Pita basi, mpumbavu wewe!" Kobe alifoka dirishani. "Unamuumiza mama yangu!"

"Usimtukane, mwanangu," mama alisema. "Labda naye anakusubiri."

Walifika salama. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu walipoondoka, taa zote zimezimwa. Kobe, bado anachemka, akapiga honi ili jirani aje wamshushe mama.

Ile honi nzito ikajibu, kutoka chumbani kwa mama.