Vitwitwi Kumi na Saba

Stesheni ya Parramatta, huko ughaibuni, Machi ya mwaka wa pili wa korona, kila mtu na barakoa kama daktari wa meno. Bibiane, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, alikuwa anakimbilia treni ya Fairfield baada ya shifti yake ya kulea wazee, mara goti likagongwa na mguu wa chuma.

"We kaka! Bazuka hiyo unaipeleka vita gani?"

"Pole, madam. Ni darubini. Naenda kuangalia ndege."

Huyo ndiye Mbuvi, nesi kutoka Machakos, shati limenyooshwa, macho yanacheka juu ya barakoa. Treni ikaondoka. Bibiane hata hakuiona.

Toka hapo kila Jumamosi waliamkia kwenye bwawa moja nyuma ya Campbelltown. Majani yanapukutika, maji yameshuka, tope limejianika, na juu yake vitwitwi, vindege vya miguu mifupi, wanadonoa huku wanakimbia kama wamechelewa kazini.

"Maji yakipanda, tope likizama, hawa wanahama siku hiyo hiyo," Mbuvi alimfundisha.

"Kama wanaume."

"Si mimi, sweetie. Mimi ni bata, nabaki."

"Kenya hujaacha mtu?"

"Mtu gani? Mimi kapera sugu!"

Mwezi wa tano akasema mwenyewe: Jumapili analeta posa. Mama Goreth, mama yake Bibiane, akawapigia simu Warundi mpaka wa Brisbane.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo posa, Mbuvi akaomba aende bwawani peke yake, atulize roho. Bibiane akavaa gauni la manjano na raba nyeupe, akafunga chapati na chai, akapanda treni na basi kwenda kumshtukiza. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Akakuta bwawa limejaa mpaka kwenye nyasi. Tope hakuna, kitwitwi hata mmoja, Mbuvi hayupo. Akapiga simu.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Bwawani, mami, kwa spot yetu. Manze, vitwitwi kumi na saba, wamejaa kwa tope hapa mbele!"

Maji yalikuwa yanalamba raba za Bibiane.

"Kumi na saba?"

"Kumi na nane. Mmoja ametua sai."

"Mbuvi, mimi ndiye niliyesimama kwenye spot yetu. Tope lako liko chini ya maji."

Kwenye simu yakasikika magurudumu ya sanduku, na sauti ya mwanamke: "Baba Mutheu, gari umeliacha wapi?"

"Nani huyo?"

"Bibi yangu," Mbuvi akanong'ona. "Border ilifungwa mwaka mzima. Permit ikatoka ghafla, leo ndio amemaliza quarantine ya hoteli. Nilidhani hawatamruhusu."

"Ukaona uoe wakati geti limefungwa."

"Bibiane, nakupenda, haki ya Mungu."

"Najua. Ndiyo maana inauma hivi. Mpokee mwenzio sanduku."

Akakata. Akakaa kwenye nyasi, akala chapati zote, analia na kutafuna. Kisha akampigia mama yake.

"Mama, wageni wa kesho hawaji."

"Wamepata korona?"

"Afadhali ingekuwa hiyo. Ana mke, Mama. Na mtoto."

"Na maharage ya watu thelathini nimeshaloweka."

"Tutakula sisi."

"Tutakula wiki nzima. Umelowa?"

"Miguu tu."

"Njoo hivyo hivyo, mwanangu."