Mafuta Yanayoelea

Asubuhi za Nyarugusu, machimboni kwetu karibu na Geita, zilianza kwa mlio wa nyundo. Watu walipasua mawe ya dhahabu, kisha wakayatwanga mpaka yakawa unga. Baba yangu, Masele, aliuosha unga huo kwenye karai, kandokando ya kijito. Alitia maji, akazungusha, akainamisha. Takataka zilielea, zikamwagika. Mchanga ulifuata. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ilibaki chini.

"Kinachoelea hutupwa," alipenda kusema. "Kinachozama ndicho chakula chetu."

Mama yangu, Klara, alitoka Didia. Aliuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Mimi ni Esta, mtoto wao wa kwanza. Mwaka 1951 nilikuwa na miaka tisa, na jino langu moja la nyuma lilikuwa limeoza.

Jumamosi moja shavu langu lilivimba. Nililia tangu alfajiri. Zahanati ilikuwa Geita, na lori la kwenda huko lingepita Jumatatu. Basi Baba akaenda gulioni kutafuta mafuta ya karafuu, ili yanitulize mpaka siku hiyo.

Alirudi akicheka.

"Mama Esta, tazama! Chupa kubwa hivi kwa sumni tu, senti hamsini! Na wale Wapemba wanauza kichupa kama kidole kwa shilingi mbili."

"Umeyajaribu?" Mama aliuliza.

"Nimeyaonja. Yamenichoma ulimi mpaka machozi yakanitoka. Hii ndiyo dawa."

Hivyo ndivyo watu wa machimboni walivyopima dawa. Dawa isiyochoma waliiita maji.

Mama alichovya pamba, akaiweka kwenye jino langu. Nilipiga kelele.

"Vumilia, mwanangu. Inafanya kazi."

Haikufanya kazi. Ilichoma tu. Akaongeza tena, kwa sababu chupa ilikuwa kubwa. Jioni fizi yangu ilikuwa imebabuka na mdomo umetoka malengelenge. Hata uji sikuweza kuumeza.

Jirani yetu, Mama Saumu, alisikia kilio changu. Alikuwa mke wa fundi cherehani, na alizaliwa Pemba katika mashamba ya karafuu. Alipiga hodi, akaingia. Akaichukua ile chupa na kuinusa.

"Mama Esta! Umempaka mtoto mafuta ya taa!"

"Lakini yananukia karafuu."

"Na mimi nikikaanga samaki nanukia samaki. Je, mimi ni samaki?"

Hapo Mama hakucheka. Mama Saumu alinipa maji safi. "Sukutua, uteme. Usimeze," akaniambia. Nikafanya hivyo mara nyingi.

Mama alimgeukia Baba.

"Masele! Chembe ya dhahabu unaiosha kutwa nzima ili uijue. Mafuta ya kinywa cha mwanao umeyapima kwa ulimi mara moja!"

Baba aliinamisha kichwa.

Jumapili, baada ya kanisa, Mama alikwenda mwenyewe kwa muuzaji aliyemuuzia Baba. Aliitwa Valerian. Alivaa kofia ya pama, na meza yake ilikuwa imejaa chupa. Mama alijiambia, "Ya bei rahisi yamemuunguza mwanangu. Leo nitanunua ya bei ghali, hayo hayawezi kuwa mabaya." Valerian alimtolea kichupa chenye karatasi ya rangi ya dhahabu. Alitaka shilingi tatu. Mama alizitoa zote, fedha ya michembe ya wiki nzima.

Mama Saumu alimkuta mlangoni, kichupa mkononi.

"Usimpake kwanza," alisema. "Nipe bilauri ya maji."

Mama alileta bilauri ya kioo. Mama Saumu alidondosha tone moja la yale mafuta ya shilingi tatu. Tone lilibaki juu. Likatanda juu ya maji kama mafuta ya mchuzi.

"Haya yamechanganywa na mafuta ya karanga," alisema. "Hayatamuunguza mtoto, lakini hayatamtuliza pia. Umenunua mboga kwa bei ya dawa, shoga yangu."

"Shilingi tatu!" Mama alisema. "Basi mtu anunue yapi? Ya rahisi sumu, ya ghali uongo!"

"Bei haikuambii kitu, na karatasi ya rangi haikuambii kitu. Uyapime mafuta yenyewe."

Alimwaga maji yale, akatia mengine. Kisha akafungua kichupa chake mwenyewe, kidogo, kisicho na karatasi yoyote. Akadondosha tone. Lilishuka taratibu, likakaa chini ya bilauri kama ushanga.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. Alichuchumaa. Akasogeza uso karibu na bilauri.

"Yanazama," alisema polepole. "Kama dhahabu."

"Ndiyo, Baba Esta. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Mafuta ya taa ni mepesi, na ya karanga ni mepesi. Wakichanganya mengi, tone litaelea."

"Na wakichanganya kidogo?"

"Kiasi kidogo maji hayawezi kukikamata. Hapo dondosha kwenye karatasi nyeupe, uanike. Mafuta ya karanga huacha doa la kung'aa lisilokauka."

Mama Saumu alichovya kipande kidogo cha pamba, tone moja tu, akagusisha jino bila kugusa fizi iliyobabuka. Nilisikia joto. Kisha ganzi. Nilinyamaza kulia.

"Umeona?" alimwambia Mama. "Ya kweli hupasha, kisha hutuliza. Tone moja linatosha. Kichupa hiki nilikinunua shilingi mbili mwaka jana, na bado kipo. Lakini usimpe mtu kumeza, usimpake mtoto mchanga, na ukiweke mbali na watoto. Na hii si tiba ya jino bovu. Mpeleke kwa dresa wa zahanati."

Jumatatu tulipanda lori. Dresa wa Geita aling'oa jino. Usaha ukatoka na uvimbe ukashuka.

Uvimbe ulishuka, lakini hasira ya Mama haikushuka. Jumamosi iliyofuata alibeba zile chupa mbili, kichupa cha Mama Saumu na bilauri, akaenda gulioni. Nilimfuata nikiwa nimeshika kanga yake.

"Mwangaluka, mayu," Valerian alimsalimu kwa Kisukuma, akitabasamu. "Umekuja kuongeza?"

"Nimekuja kuosha mafuta yako."

Mama aliweka bilauri mezani, akatia maji. Watu wakaanza kusogea.

"Mama, biashara yako ni michembe," Valerian alisema. "Mambo ya mafuta tuachie sisi wanaume."

"Michembe yangu mtu huivunja, huitafuna, ndipo hununua. Kwa nini mafuta yako hayajaribiwi?"

Akadondosha tone kutoka chupa kubwa. Likaelea. Akamwaga maji, akatia mengine. Akadondosha kutoka kile kichupa cha karatasi ya dhahabu. Nalo likaelea. Akabadili maji tena, akadondosha tone la mafuta ya Mama Saumu. Likazama mbele ya macho yao.

Wachimbaji wale hawakuhitaji maelezo. Kila mmoja wao alikuwa ameshika karai. Maige, mchekechaji mwenzake Baba, alipaza sauti:

"Valerian! Dhahabu yako inaelea!"

Kicheko kililipuka. Lakini hakikudumu. Mwanamke mmoja, Bhoke, alipenya katikati ya watu akiwa na mtoto mgongoni.

"Mume wangu hajala siku nne," alisema. "Mdomo wake umebabuka. Tulidhani ni ugonjwa mpya."

Watu wakamgeukia Valerian.

"Mimi nimeuziwa hivyo hivyo," Valerian alisema. "Mafuta ni mazuri. Ninyi hamjui kuyatumia."

Mama alimsogezea chupa kubwa na kipande cha pamba.

"Basi tufundishe. Weka kwenye fizi yako."

Valerian aliitazama pamba. Akarudi nyuma hatua moja. Hakuigusa.

"Kwa mwanangu yalifaa!" Mama alisema, na sasa alikuwa akilia. "Kwa fizi za mtoto yalifaa!"

Msimamizi wa gulio, aliyekuja kwa kelele zile, alizichukua chupa zote. Valerian alirudisha fedha za watu, akafunga mzigo wake. Tangu siku ile msimamizi aliagiza kwamba kila muuza mafuta aweke bilauri ya maji mezani pake. Asiyeweka, mafuta yake hayakununuliwa. Ya shilingi mbili yaliyozama yalinunuliwa, na ya sumni yaliyoelea yalirudi na mwenyewe.

Miaka mingi imepita. Mama alifariki mwaka juzi, wakati wa palizi. Tulimzika Didia kwa ndugu zake. Nilipokwenda Nyarugusu kuchukua vyombo vyake, nilipita gulioni. Palikuwa na muuza mafuta kijana, mgeni kwangu. Kabla sijasema neno, alitia maji kwenye bilauri, akadondosha tone. Likazama.

"Nani amekufundisha hivyo?" nilimuuliza.

Alinishangaa.

"Hakuna aliyenifundisha, mama. Hapa ndivyo tunavyouza."