Mke wa Daktari Aliyeonekana Lusaka

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi tarehe 12 Machi 1977, mwanamume aliyevaa suruali ya pekosi alikuwa amechuchumaa katikati ya soko la Mbeya, ananusa kiazi.

"Kaka, hicho kinanuswa au kinanunuliwa?" aliuliza Apolonia, aliyevaa gauni la kijani lenye marinda, kapu mkononi.

"Kinapimwa, dada. Kinaumwa."

"Na wewe ndiye daktari wake?"

"Ndimi. Silvester, mtafiti wa magonjwa ya viazi."

Apolonia alicheka mpaka muuzaji naye akacheka. Kesho yake alirudi Iringa, kwenye kazi yake ya kuunganisha simu posta. Tangu hapo kila Ijumaa Silvester alipiga simu kutoka Mbeya.

Agosti, Silvester alikuwa anapiga kelele kwenye simu. "Polo, mpenzi! Televisheni ya Lusaka wananiita! Katuni ya wakulima. Watanichora, sauti niweke mwenyewe!"

"Wakuchore na masikio hayo?"

"Yote mawili! Nikirudi, mshenga yuko kwenu."

Iringa nzima haikuwa na televisheni. Aliyeiona katuni, mwezi wa Oktoba, ni Liberatus, kaka yake Apolonia, dereva wa lori.

"Nimemwona shemeji Lusaka, kwenye televisheni iliyo dirishani mwa duka. Ana mke mnene na watoto sita. Kamkumbatia hadharani!"

"Si picha za kuchora, kaka?"

"Mchoraji atamchoraje mke asiyekuwepo?"

Ijumaa simu ikalia.

"Polo wangu—"

"Msalimie mkeo."

"Mke yupi?"

"Wa Lusaka." Akachomoa waya.

Jumapili mshenga, mzee Yotamu, alifika na barua ya posa. Baba yake Apolonia alimrudishia bila kuifungua.

Jumanne Silvester alishuka basi la Mbeya, akapanga foleni posta, akamwaga juu ya kaunta karatasi za plastiki zenye michoro ya katuni yake.

Apolonia aliinua moja dirishani. Daktari mwenye masikio makubwa alikuwa amemkumbatia kiazi aliyevaa kitenge, machipukizi yamejaa kichwani. Viazi sita vidogo vilijificha nyuma yao. Ukungu wenye meno ulikuwa unawanyemelea.

"Namkinga na ugonjwa," Silvester alisema. "Sina mke mwingine, Polo. Hata huyu ni kiazi tu, tulishamchimba Septemba."

Liberatus aliitwa.

"Kaka, ulisikia walichokuwa wanasema?" Apolonia aliuliza.

"Duka lilikuwa limefungwa. Sauti haikutoka."

"Na haya ya kichwani?"

Liberatus aliisogeza plastiki karibu na macho. "Nilidhani amesuka."

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko, na Apolonia akaushika mkono wa Silvester juu ya kaunta.

Saa kumi na dakika tano jioni ile, mzee Yotamu alitoa barua kwa mara ya pili. Baba alivaa miwani, akaifungua.