Nyumba Iliyoingia Katika Kalke

Mama mukubwa wangu, Mbambu, alikuwa muchoraji wa ramani katika biro ya ardhi, ofisi ya serikali, hapa Bunia, mwaka wa 1978. Alinielezea haya mwenyewe, mchana, akichagua maharagwe. Hakuinua macho hata kidogo.

Ramani za wakati wa Wabelgiji zilikuwa zinaliwa na muchwa. Kazi yake ilikuwa kuzinakili juu ya kalke, ile karatasi nyepesi inayoonyesha kilicho chini yake, ili nakala ziende kuwekwa Kisangani. Asubuhi hiyo jua lilikuwa zuri. Alitandika kalke juu ya ramani ya Bogoro, akafuata barabara kwa wino, kisha mito, kisha vilima. Alipoiinua, aliona juu yake nyumba moja ndogo imechorwa kando ya barabara ya kwenda ziwani. Kwenye ramani ya zamani, pale palikuwa majani matupu.

Alifikiri mukono wake umeteleza. Akachukua wembe, akaikwangua.

Kesho yake nyumba ilikuwa imerudi. Safari hii upande mumoja ulikuwa wazi, kama mulango.

Akaikwangua tena, kwa nguvu, mpaka karatasi ikabaki kama ngozi ya kitunguu.

Bwana yake, Mbusa, alikuwa mupimaji wa mashamba. Alipoelezwa, alicheka. "Labda nyumba iko kweli, ni weye tu hauijue. Kesho napita kule na pikipiki. Nitaangalia."

Kesho yake alirudi nyumbani, mutaa wa Rwambuzi, kabla chakula hakijaiva. Hakucheka tena. Alikaa kwenye kiti, mukono mumoja amefunika na koti.

"Nyumba iko," alisema polepole.

"Ya nani?"

"Ya mama moja muzee. Aliniita kwa jina langu. Akaniuliza..." Akavuta koti karibu. "Akaniuliza: 'Muke yako ananikwangulia nini?'"

Akaondoa koti. Kutoka kiwiko mpaka kiganja, ngozi ilikuwa imekwanguliwa. Nyembamba. Laini. Bila tone la damu.

Mama Mbambu hakutaka kuamini. Wakapanda pikipiki wote wawili, jua likiwa bado juu. Kule Bogoro waliona alama za tairi za Mbusa za asubuhi ile. Ziliacha barabara, zikaingia katika majani, zikakoma. Hakukuwa nyumba. Hakukuwa hata jiwe la msingi. Upepo ulikuwa umesimama.

Mutu akakohoa.

Kikohozi cha muzee, kikavu. Kilitoka chini ya miguu yao.

"Twende," Mbusa alinong'ona. "Usiangalie nyuma."

Kesho yake, katika biro, nyumba ilikuwa tena pale juu ya kalke. Mama Mbambu hakugusa wembe. Alikunja nakala pamoja na nyumba yake, akaifunga, akaituma Kisangani. Hakuna mutu kule aliyeuliza kitu. Mukono wa Mbusa ulipona. Mama Mbambu mwenyewe aliacha kazi ya kuchora, akaanza kuuza maharagwe sokoni.

Lakini tangu wakati ule, wakiamka, wanakuta viatu vya Mbusa inje, mbele ya mulango uliofungwa kwa ndani. Hata kiangazi, vina matope mabichi na majani kama yale ya Bogoro. Mama Mbambu anapapasa miguu ya bwana yake chini ya blanketi: iko mikavu, safi. Kisha anaingiza mukono ndani ya viatu.

Bado viko na joto.