Memori Yenye Doa la Kijani

Chepkoech alikuwa akilegeza skrubu ya mwisho. Zile nyingine alikwisha kuzipanga kwenye kifuniko cha soda. Akainua mgongo wa kompyuta mpakato ya zahanati kwa ukucha, taratibu, kama anayebandua bandeji juu ya kidonda kibichi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mtaani Gurei, Juba, na kompyuta imekataa kuwaka: feni inazunguka, taa ipo, kioo ni cheusi tii.

Akatazama ndani.

"Hii si yetu," alisema.

Chepkoech alikuwa muuguzi. Mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga. Ijumaa alisimama hapo hapo wakati Proscovia, fundi wa soko la Konyo Konyo, alipoweka memori mpya ya GB nane. Ilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha, na kompyuta ilifanya kazi vizuri hadi jioni. Hii ya sasa nayo ilikuwa ya GB nane, urefu ule ule, pengo la meno pale pale. Lakini doa lake lilikuwa la kijani.

Millicent, mkuu wa zahanati, aliinama akaangalia, kisha akanyooka polepole.

"Jumamosi Proscovia alirudi hapa."

"Alisahau bisibisi."

"Ndivyo alivyosema. Mpigie simu aje. Jioni nampeleka polisi." Akamgeukia mhasibu. "Linus, si wewe uliyemleta?"

Linus alitikisa kichwa. "Madam, sijui hata niseme nini. Tunaimba kwaya moja." Akaisogeza kompyuta yake mwenyewe mezani. "Sista, kama ni orodha ya chanjo, tumia hii yangu. Imepona."

"Wiki jana si ilikuwa inakwama hata kwa barua pepe?"

"Imeamka tu. Mungu ni mwema."

Chepkoech alishukuru, akatoka kwenda langoni kwa Lokosang, mlinzi.

"Funguo ziko kwako siku zote?"

"Iko na mimi, Sista. Lakini mimi nifanye nini na hii kitu? Redio yangu tu inanishinda."

"Jumamosi Proscovia alifanya nini?"

"Alichukua bisibisi yake, akasema ndevu zangu kama za mbuzi, kalas, basi, akaenda. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama."

"Na mgeni mwingine?"

"Mafi. Hakuna mgeni."

Proscovia alifika kwa boda, akiingia na kicheko. "Nani amekufa? Mbona sura ziko hivi?" Walipomweleza, kicheko kilimkauka mdomoni. Akaichukua ile memori, akaigeuza.

"Hii ni rangi ya Lubega. Sisi mafundi kila mtu iko na rangi yake, mteja asije na ya mwenzangu akasema ni mimi niliuza. Mimi ni nyekundu."

"Rangi ya kucha inauzwa kila duka," alisema Millicent. "Na mgeni aliyeingia ni wewe peke yako."

Proscovia alikaa kwenye benchi la wagonjwa. "Madam, mimi ni mtu wa Uganda hapa Juba. Polisi wakisimama kibandani kwangu mara moja tu, hakuna mteja atarudi. Watoto wangu wanakula hapo."

Chepkoech aliifunga memori ndani ya glavu safi. "Madam, nipe mpaka jioni," alisema, na boda ile ile iliyomleta Proscovia ikampeleka Konyo Konyo.

Lubega alikuwa amejibana kati ya marundo ya chaja. Alilitambua doa lake kabla glavu haijafunguka vizuri.

"Eh, nyabo! Huyu mtoto amenirudia? Nilimuuza wiki iliyopita kwa Mkenya mmoja, mpole sana. Nikamwambia, leta mashine nione, ama leta ile ya zamani tulinganishe. Akasema hapana, nipe tu ya nane. Kesho yake akarudi, ati haiwaki."

"Mbona haiwaki, na inaingia vizuri?"

"Kuingia si kukubali." Akachukua memori nyingine, akaweka kidole kwenye maandishi yake. "Ona, hii ina herufi L baada ya namba 3. Yako haina. Yenye L inakunywa umeme kidogo. Kuna mashine ambazo hazitaki nyingine: unaweka isiyo na L, inaingia, halafu kioo giza. Nikamwambia alete mashine nimbadilishie. Hakurudi."

"Jina lake?"

"Sikuuliza. Alikuwa akiimba polepole wimbo wa kanisa, sauti nzito."

Njia nzima ya kurudi Chepkoech alijitahidi kumpata Mkenya mwingine wa kwaya wa kumfikiria, akamkosa.

Langoni alisimama. "Lokosang, asubuhi nilikuuliza mgeni. Sasa nauliza mtu. Nani mwingine aliingia?"

"A, Linus tu. Jumapili, baada ya kanisa. Lakini huyo si mgeni, Sista. Huyo ni wetu."

Jioni, kabla Millicent hajashika simu, Chepkoech aliweka memori ya kijani juu ya meza ya Linus.

"Mwizi wa kawaida angebeba kompyuta nzima," alisema kwa sauti yake ya chini. "Huyu alichukua kipande kimoja tu, akaacha kingine cha ukubwa ule ule ili tusijue. Alihitaji ile hasa, kwa sababu hii ilimkataa kwake. Linus, naomba nifungue yako."

Linus aliweka kiganja juu ya kompyuta yake. Kisha akakiondoa.

Skrubu zililegea moja moja. Ndani, doa jekundu.

Millicent alikitafuta kiti kwa mkono, bila kutazama, akaketi.

"Nilidhani itawaka," alisema Linus. "Nane ni nane. Nilidhani kompyuta yangu ndiyo yenye kasoro, na hiyo yenu ingeikubali. Kuna kazi Nairobi. Usaili ni kesho, na mtihani wa kwenye kompyuta, kamera ikiwa wazi. Ile memori ya zamani ingenigandisha katikati. Miaka minne sijaishi na wanangu."

"Na ilipokataa kuwaka?" Millicent aliuliza. "Ulinisikia nikisema polisi."

Linus aliisukuma ile memori ya kijani pembeni mwa meza.

Proscovia alikuwa amesimama mlangoni. Akamsogelea Linus. "Jana tuliimba wewe na mimi. Ulikuwa umetoka kwaya, ukaja hapa moja kwa moja."

"Ndiyo."

"Usaili saa ngapi?"

"Saa tatu."

Chepkoech alikuwa tayari ameshika bisibisi, aichomoe ile nyekundu. Proscovia akamzuia kwa kiganja.

"Acha, Sista. Kesho nakuja saa sita. Atachomoa yeye, kwa mkono wake, na Lokosang awe hapa, wagonjwa wawe hapa. Halafu mimi naiweka kwenye yenu."

"Proscovia, utamwachia?" Millicent alishangaa.

"Watoto wake hawakuiba kitu."

Linus alifunika uso kwa mikono. Chepkoech aliirudishia kompyuta ya Linus mgongo. Ya zahanati aliiacha wazi, nafasi ya memori ikiwa tupu, akaifunika leso kwa ajili ya vumbi. Kifuniko cha soda, na skrubu zake zote, alikiweka juu.