Kofia ya Mchumba

"Wewe uko wapi?"

Sufuria akaacha kupiga mluzi. Sauti ilitoka ndani ya kofia yake ya chuma, na mwenye sauti alikuwa bwenini, kwenye mgomo, alikopaswa kuwa yeye pia.

"Nje," akajibu. Angedanganya nini tena, na mluzi umeshamtangaza?

Wachomeleaji wa kituo kile cha angani hutoka nje wawili wawili, kwa kamba moja na redio moja. Mwenzako ndiye anayekufunga kofia, kisha anaigonga mara mbili: uko salama. Nawe unamgongea vivyo hivyo. Sufuria na mchumba wake walipendana kwa kugongeana huko, na hilo jina la Sufuria ni yeye aliyempa, kwa jinsi kofia yake ilivyobonyea.

Siku hiyo aliyemfunga kofia alikuwa msimamizi wa kampuni. Na kwa haraka zake za kuwasaliti wenzake, Sufuria akasahau kwamba redio yake husikika kwenye kofia moja tu nyingine, iliyotundikwa juu ya kitanda cha mchumba wake. Njia ya mwongo ni fupi, hata angani.

Kampuni ilikuwa imepunguza hewa ya mabwenini. Wafanyakazi wakaapa kutoziba bomba kuu la mafuta ya vyombo, lililopasuka, mpaka hewa irudi, maana bila bomba lile hakuna mzigo unaoondoka.

"Wamekuahidi nini?"

"Chumba cha wawili. Kina dirisha. Nilitaka tukioana tuwe na pa kulala."

"Na hewa yake?"

"Nzuri. Kama ya mabosi."

"Dada yangu yuko kitanda cha chini hapa, anahema kama aliyepanda mlima. Yeye atakaa dirisha gani?"

Sufuria akalitazama bomba.

"Basi rudi ndani, mpenzi. Liache hilo bomba, mimi sitamwambia mtu."

"Nimeshamaliza kuliziba."

Mgomo ukafa kabla ya chakula cha mchana. Waliouongoza wakafukuzwa, na mchumba wake alikuwa wa kwanza. Kwenye mlango wa chombo cha kurudi duniani kila mtu alifungwa kofia na mwenzake. Yeye akasimama mbele ya Sufuria, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa ya kwake.

"Nifunge."

"Nisamehe. Chumba nimekikataa, ufunguo nimewarudishia."

"Nimesikia. Dada yangu bado anahema vilevile. Nifunge, watu wanasubiri."

Akamfunga. Mikono iliyozoea kuunga vyuma ikashindwa na komeo dogo, akarudia mara ya pili. Kisha akagonga mara mbili, akangoja.

Mchumba hakugonga. Aliingia, mlango ukajifunga, ndipo redio ikakoroma.

"Sufuria, mimi ningekaa na wewe hata bila dirisha."

"Najua," alisema, na sasa alijua kweli. "Najua, mama. Unanisikia?"

Redio ya upande wa pili ilikuwa imezimwa. Chombo kikaondoka, wenzake wakampita bila salamu, naye akabaki pale mlangoni amevaa kofia ambayo hapakuwa na wa kumfungulia.