Mstari wa Mwisho wa Ukurasa wa Tatu

“Nionyeshe hiyo karatasi,” Precious alisema kwa mara ya tatu.

“Nimeshakwambia, anayo mwalimu.” Semeni alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nyuma ya nyumba yao Raskazone, na kila Precious aliposema neno yeye alizidi kukuna kwa kasi.

“Mwalimu Hosea yuko Korogwe kwenye semina tangu Jumatano asubuhi. Wewe ulikwenda kutoa kopi Jumanne jioni. Ulimrudishia saa ngapi?”

“Basi iko ofisini. Unataka nikavunje kabati?”

Precious hakucheka. Wawili hawa waliketi dawati moja tangu darasa la nne, na sasa walikuwa darasa la saba. Nyumba zao zilitazamana, njia tu ikiwatenganisha. Kwa kawaida ugomvi wao uliisha kabla hata ya kuanza vizuri. Huu ulikuwa na siku ya pili.

“Tangu jana wananiita Kanali Mbio,” alisema. “Hata watoto wa darasa la tatu. Leo mmoja kanipigia saluti pale bombani, kisha akakimbia kinyumenyume. Mimi nataka kuona mstari huo kwa macho yangu, basi.”

Semeni aliendelea kukuna. Precious aligeuka, akavuka njia kurudi kwao.

Ugomvi wenyewe ulihusu mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Ulikuwa msimu wa kampeni. Picha za wagombea zilijaa ukutani na kwenye vioo vya bajaji, na kila nyumba ilikuwa na maneno yake. Lakini shuleni kampeni hairuhusiwi. Mwalimu Hosea, anayefundisha Uraia na Maadili, alitaka wanafunzi wajifunze kumpima mgombea bila kumgusa mgombea yeyote wa kweli. Kwa hiyo alitunga wake. Alimwita Kanali mstaafu Jumbe Luqmani, anayewania urais katika nchi iitwayo Jamhuri ya Matumbawe, ambayo haimo katika ramani yoyote. Aliandika habari zake kwa mkono, kurasa nne za karatasi ndefu za fulskepu. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa hotuba zake. Ukurasa wa tatu ulieleza utumishi wake jeshini. Ukurasa wa nne ulikuwa jedwali la kura alizopiga bungeni alipokuwa mbunge: ndiyo, hapana, au hakuwepo.

Mada ya mdahalo ilikuwa kwamba Kanali Jumbe anafaa kuwa rais. Precious aliongoza upande wa kuunga mkono, Semeni upande wa kupinga. Wasemaji wawili bora wangekwenda Pangani kushindana na shule nyingine, na hakuna aliyekuwa tayari kuikosa safari hiyo.

Semeni, kwa kuwa ni kiranja, ndiye aliyetumwa kutoa kopi. Karatasi ya fulskepu ni ndefu kuliko karatasi ya mashine, kwa hiyo kila ukurasa ulikatika kidogo chini. Kurasa nyingine tatu hazikupoteza kitu, maana maandishi yaliishia juu. Ukurasa wa tatu ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Katika kopi uliishia hivi: “Adui alipozidi nguvu, kikosi kiliamriwa kurudi nyuma kuvuka daraja. Kanali Jumbe”. Hapo hapo, bila nukta. Semeni aliona kasoro hiyo akiwa bado dukani. Alidhamiria kusema, akasahau, na alipokumbuka mwalimu alikuwa amekwisha safiri.

Siku ya mdahalo, yaani jana yake, Precious alianza kwa hotuba. Alisema kanali ameahidi zahanati kwa kila kijiji cha wavuvi, na mtu aliyelala mahandakini anajua thamani ya dawa. Wanafunzi wakapiga makofi. Semeni alisimama na ukurasa wa nne mkononi. Aliwaambia kwamba mswada wa zahanati ulifika bungeni mara tatu. Mara ya kwanza kanali alisema hapana. Mara ya pili akasema hapana. Mara ya tatu hakuwepo. Kisha akauliza ni kanali yupi wanayemchagua, wa kwenye jukwaa au wa bungeni. Makofi yakahamia kwake.

Precious akasimama tena. Alikuwa amesoma kwa bidii, na alionyesha kwamba mswada ulipofika mara ya pili ungechukua fedha za madawati kujengea zahanati, na kwamba kanali mwenyewe alieleza hivyo katika hotuba ya kwanza. Makofi yakarudi upande wake.

Hapo Semeni aliona Pangani ikimponyoka. Alisimama kwa mara ya mwisho akasema kopi zao zimekatika chini, na yeye peke yake ndiye aliyesoma mstari uliokosekana.

“Mstari huo unasema Kanali Jumbe alivuka wa kwanza,” alisema, “akawaacha majeruhi wake ng’ambo.”

Mwalimu Bibiana, aliyesimamia mdahalo, hakuwa ameiona karatasi yenyewe. Precious aliitazama kopi yake, akatazama pale sentensi ilipokatika, akaketi. Mtu mmoja nyuma akasema, “Kanali Mbio,” na ukumbi mzima ukacheka. Kura zilipopigwa, upande wa Semeni ulishinda kwa mbali. Wakachaguliwa yeye na Rama, mwenzake wa upande wa kupinga.

Sasa Semeni aliendelea kukuna nazi iliyokwisha zamani. Hakujua kwamba mama yake alikuwa dirishani.

Mama yake, Bi Hafsa, ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, ananawa mikono jikoni, na ugomvi wote ulimfikia neno kwa neno. Alitoka akijifuta kwa kanga.

“Karatasi iko wapi?”

“Mama, ni mambo ya shule tu.”

“Sikuuliza ni mambo ya wapi.”

Semeni aliinuka, akaingia ndani, akarudi na daftari la hisabati. Kurasa nne zilikuwa zimekunjwa katikati yake. Bi Hafsa alizifungua mpaka ya tatu, akasoma mstari wa mwisho kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma majina ya wagonjwa.

“‘Alivuka wa mwisho, amembeba mgongoni askari aliyejeruhiwa.’”

Kuku wa jirani alipita akidonoa machicha. Hakuna aliyemfukuza.

“Mama,” Semeni alisema mwishowe, “huyu kanali hayupo. Nchi yenyewe haipo, daraja halipo, majeruhi hawapo. Mwalimu katunga, na mimi nikatunga. Nimemsingizia nani?”

Alikuwa ameliandaa swali hilo tangu jana, na aliona ni swali zuri. Bi Hafsa pia aliona ni swali zuri, ndiyo maana hakulijibu haraka.

“Kanali hayupo, sawa,” alisema. “Precious yupo. Katoka hapa sasa hivi. Na wale watoto waliopiga kura wapo, wamepiga kura juu ya maneno yako.” Alizikunja karatasi. “Nilipokuwa chuoni tulijifunza kwa sampuli za kutengenezwa. Hazikuwa damu ya mgonjwa yeyote. Mwenzetu mmoja akachoka kuhesabu chini ya darubini, akaandika majibu ya kichwani. Akatolewa maabara siku ile ile. Akalalamika kama wewe, kwamba hakuna mgonjwa aliyeumia. Mwalimu akamwambia, mkono haujui kama leo ni mazoezi.”

Semeni aliitazama mikono yake. Ilikuwa na nazi mpaka viganjani.

“Nitamwambia mwalimu Jumatatu.”

“Mwalimu Bibiana anatuma majina Pangani leo. Umenitangazia mwenyewe jana, tena mara nne. Saa kumi na moja jioni. Saa hizi ni kumi na nusu.”

“Wataniita mwongo shule nzima.”

“Huenda. Kwa siku chache. Precious wangemwita Kanali Mbio mpaka amalize shule.”

Bi Hafsa alizishika karatasi mkononi, hakumpa wala hakuziweka chini. Semeni alinawa mikono kwenye ndoo, akajifunga mtandio, akazichukua mwenyewe.

“Nikusindikize?”

“Hapana. Nitampitia Precious kwanza.”

“Nenda. Nazi nitamalizia mimi, ingawa umekuna mpaka kifuu.”

Precious alikuwa barazani kwao akimsuka mdogo wake. Semeni alimpa karatasi bila maelezo. Precious alisoma mara mbili, na mdogo wake akalalamika kwamba anavutwa nywele.

“Ulikuwa unajua,” Precious alisema.

“Nilijua. Nilikudanganya jana, nikakudanganya na leo. Nisamehe.”

Precious aliitazama tena karatasi. “Alimbeba mtu mgongoni,” alisema, “na mimi mtetezi wake nikakaa chini.” Alifunga fundo la mwisho la ule msuko na kuinuka. “Twende, kabla majina hayajatumwa.”

Walikwenda mbio mpaka nyumba za walimu. Mwalimu Bibiana alikuwa sebuleni kwake akisahihisha madaftari, simu ikiwa pembeni. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza nani kafa, maana wote walikuwa wanahema. Semeni aliweka ukurasa wa tatu juu ya madaftari. Alisema alichofanya, tangu dukani mpaka ukumbini, na hakusema kwamba kanali hayupo.

Mwalimu alisoma. Alivua miwani.

“Unajua kinachonisikitisha zaidi?” aliuliza. “Ukurasa wa nne. Kura zile tatu ilikuwa hoja nzito. Precious alijibu kura moja tu, ile ya pili. Ya kwanza hakuigusa. Ya kutokuwepo hakuigusa. Ungetulia, ungeuliza hayo mawili, na huenda ungeshinda kihalali.”

Semeni alifumba macho. Ilikuwa kweli, na hakuwahi kuliona hilo.

“Sikilizeni wote wawili,” mwalimu aliendelea. “Anayetaka kuongoza watu anapimwa kwa alichosema, kwa alichotenda, na kwa kura alizopiga. Mkimwona ana kosa, lisemeni wazi, hata akiwa na cheo gani. Mkimwona ana sifa, msiifiche, hata kama hamumpendi. Lakini ukiongeza la kwako, hapo humpimi tena yeye. Unawaibia wengine haki yao ya kuamua. Hiyo haibadiliki awe mtu wa kweli au wa karatasi.”

Alichukua simu. Alifuta jina la Semeni, akaandika la Precious chini ya la Rama, akawaonyesha, akatuma. Simu ikalia mara moja. Semeni alikuwa ameikosa Pangani.

Semeni alidhani angelia. Badala yake alijisikia kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

“Jumatatu mstarini utausoma mstari huo mbele ya shule,” mwalimu alisema. “Na leo hutoki hapa bure.” Aliingia ndani, akarudi na rundo la kopi zilizokusanywa baada ya mdahalo. “Ziko arobaini na moja. Kila moja imekatika mahali pamoja. Kalamu unayo?”

Alikuwa nayo. Semeni aliketi chini pale sebuleni, akaweka kopi ya kwanza juu ya goti, na mbele ya maneno “Kanali Jumbe” akaandika kwa mwandiko wake mzuri: alivuka wa mwisho, amembeba mgongoni askari aliyejeruhiwa. Akaweka nukta. Akachukua ya pili.

Precious hakuondoka. Aliketi karibu, akawa anampa kopi moja moja na kupanga zilizokwisha. Walifika kopi ya kumi na mbili.

“Niulize,” Precious alisema.

“Nini?”

“Yale mawili. Pangani lazima wataniuliza.”

Semeni aliandika nukta, akainua kichwa. “Mheshimiwa mtetezi, kanali wako ni shujaa, tumekubali, tumesoma mpaka mstari wa mwisho. Sasa tuambie, mswada wa zahanati ulipofika bungeni mara ya tatu, alikuwa wapi?”

Precious aliacha kupanga kopi. “Ngoja kwanza nifikiri.”

“Pangani hawatakungoja,” Semeni alisema, akanyoosha mkono apewe kopi ya kumi na tatu.